Jiko Lililozoea Gesi ya Bomba

Wiki ya pili baada ya kuhamia Buswelu, Mwanza, niliunganisha jiko la marehemu mke wangu kwenye mtungi wa gesi, nikawasha kiberiti, na moto ukapanda hadi usoni kwangu. Haukuwa ule moto wa bluu niliouzoea. Ulikuwa wa njano, mrefu, unayumbayumba, na juu yake ulifuka moshi. Nilizungusha swichi nikauzima. Nyusi ya kulia ilikuwa imeungua; nilipoipangusa, ilibaki vumbi kwenye vidole. Sufuria ya chai ilishika masizi upande mmoja, na ukuta, ambao mwenye nyumba alikuwa ameupaka chokaa siku chache kabla hatujaingia, ulibaki na alama nyeusi iliyofika karibu na dari.

Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba sikushtuka. Niliutazama ule ukuta kwa muda, nikafunga mtungi, nikaenda kukaa sebuleni. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, alikuja mlangoni na daftari mkononi. Alinusa hewa, akaniangalia usoni, akatoka uani kuwasha mkaa. Jioni ile tulikunywa chai ya mkaa, kesho yake pia, na ikaendelea hivyo kwa miezi.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye duka la sabuni na vocha, aliniambia ninunue jiko jipya. Alisema hilo langu limekufa, na kwamba mtu hawezi kung'ang'ania chuma. Nilimjibu kwamba nitaangalia. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila kitu mwaka ule. Mwenye nyumba akiniuliza kama bomba la bafuni linavuja, nitaangalia. Mwalimu wa darasa la binti yangu akinipigia kuhusu kikao cha wazazi, nitaangalia. Kitanda cha binti yangu kilikuwa kimekuja kutoka Dar es Salaam kikiwa kimefunguliwa, mbao zimefungwa kamba, na zile mbao zilisimama nyuma ya mlango wa chumba chake tangu siku tuliyofika. Yeye alilala kwenye godoro chini. Nilikuwa nitaangalia.

Mke wangu alifariki miezi mitano kabla ya kuhama kwetu. Tuliishi Dar es Salaam miaka kumi na mbili. Mimi nilikuwa dereva wa folklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, kwenye ghala, yeye alikuwa fundi cherehani, anashonea nyumbani. Siku alipoanguka nilikuwa kazini, na simu yangu ilikuwa kwenye kabati la nguo la wafanyakazi kwa sababu ghalani hatukuruhusiwa kushika simu tukiwa juu ya mashine. Majirani ndio waliompeleka hospitali. Nilipofika alikuwa anapumua lakini haongei. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani. Siku ya tatu asubuhi waliniita nje ya wodi wakaniambia.

Tulimleta kuzikwa Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwa mama yake. Mimi ni Mkerewe, na kwa kawaida angezikwa kwetu, lakini wazazi wangu walishafariki na nyumba ya Ukerewe imefungwa, hakuna anayekaa. Mama mkwe aliomba mwanawe alale karibu naye. Baba zangu wadogo hawakupenda, walinung'unika kidogo pembeni, kisha wakakubali. Mimi nilipoulizwa nilisema sawa. Baada ya arobaini, wanawake wa upande wa mke wangu walikuja kwa mambo ya kugawa vitu vya marehemu. Walitoa khanga, magauni, viatu, cherehani, masanduku na makopo ya kushonea, wakaviweka kwenye mkeka, wakaniuliza kipi kibaki. Nilisema chukueni. Wakauliza tena. Nikasema chukueni vyote. Kilichobaki ni vitu vya nyumba, na jiko likiwemo.

Miezi iliyofuata kampuni yangu ilipunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Rafiki niliyesoma naye zamani alinitafutia kazi kama ileile kwenye kiwanda cha mafuta ya kula Nyakato. Ndivyo tulivyorudi Mwanza, mimi na binti yangu, tukapanga Buswelu. Kutoka Buswelu mpaka Kisesa si mbali. Sikwenda. Niliamini mama mkwe ananilaumu kwa ile simu iliyokaa kabatini. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliamini tu, na kuamini hivyo hakukunisumbua sana, kama ambavyo mambo mengine hayakunisumbua.

Kazini nilikuwa mzuri. Niliinua maboksi, nikayapanga, nikarudi kuinua mengine. Wenzangu walinisifu kwamba sina maneno.

Kisha mvua za masika zikaanza. Uani kwetu palijaa maji, na kibaraza ambacho binti yangu alikuwa akipikia kilivuja. Siku moja nilirudi kutoka kazini kama saa kumi na moja jioni, nikakuta mlango wa mbele umefungwa kwa sababu ya mvua na madirisha pia. Nilipofungua nilihisi joto. Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni kwenye mlango wa jikoni, mgongo umeegemea fremu, ametapika kwenye sare ya shule. Jikoni, katikati ya sakafu, palikuwa na jiko la mkaa likiwaka vizuri, na juu yake maharage.

Nilimwita akafungua macho. Alisema kichwa kinamuuma na miguu haina nguvu. Nilimbeba nikamtoa nje, kwenye mvua ileile, nikamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa chini ya ukingo wa bati la jirani. Yule mama wa duka alikuja na khanga akamfunika, akanituma nifungue madirisha yote na kutoa lile jiko. Nikafanya. Nilimpeleka zahanati kwa bodaboda, mimi, binti yangu na dereva, mvua inatupiga. Mganga alimpima, akamweka pale kwa saa kadhaa kwenye hewa safi, akaniambia ni hewa ya mkaa, na kwamba wapo wanaolala nayo na hawaamki. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeniambia namna ya kumeza vidonge.

Niliitikia. Nilimshukuru. Usiku tulirudi nyumbani tukala mkate mkavu, na nikalala vizuri.

Siku mbili baadaye, nikiwa juu ya folklifti, nimeinua mzigo mpaka rafu ya juu, nilishindwa kuuingiza mahali pake. Nilishusha mzigo polepole, nikazima mashine, nikakaa. Msimamizi alikuja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nataka ruhusa ya nusu siku, nina jiko la kutengenezesha.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa na kibanda palepale Nyakato, nyuma ya gereji za malori. Alikuwa mzee wa Kisukuma, mwembamba, na miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kichwa. Zamani alifanya kazi kiwanda cha nguo, upande wa boila, mtambo wa mvuke, na kiwanda kilipomwacha akaanza kutengeneza majiko. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamweleza: jiko la pleti mbili, halijaharibika popote, lilikuwa linafanya kazi Dar es Salaam, huku linatoa moto wa njano na masizi.

Alifungua pleti moja, akaingiza bisibisi, akatoa kipande kidogo cha shaba, kidogo kuliko jino la mtoto. Alikiinua kwenye mwanga wa mlango, akachungulia, kisha akanipa mimi nichungulie. Nikaona tundu.

"Hii ndiyo nozeli," alisema. "Gesi yote inayoingia kwenye moto inapita hapa. Sasa niambie, huko Dar mlikuwa mnatumia mtungi?"

Nikasema hapana, mtaani kwetu ilikuja gesi ya bomba.

Alicheka kidogo, akaenda kwenye kopo lake, akaleta nozeli nyingine ya jiko la mtungi, akaziweka mbili kwenye kiganja. Akachukua kijiti cha ufagio akakichomeka kwenye ile yangu, kikapita. Kwenye nyingine hakikupita hata ncha. Akanieleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza mtu aliyesimama boila miaka mingi. Gesi ya bomba inakuja taratibu na ni nyepesi, kwa hiyo wanaipa mlango mpana. Gesi ya mtungi ni nzito na inasukuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inataka mlango mwembamba. Anayehamisha jiko kutoka mtungi kwenda bomba lazima abadilishe nozeli, na anayerudi lazima arudishe. Nilichofanya mimi ni kuifungulia gesi ya mtungi mlango wa gesi ya bomba. Ilimwagika nyingi kuliko hewa ya kuichoma, ndiyo maana moto ukawa wa njano na masizi.

Nilimuuliza kama anaweza kuziba tundu na kutoboa dogo. Alisema wapo wanaofanya hivyo, na yeye pia alishafanya zamani, lakini kekee nyembamba kiasi hicho ilishavunjika, na kutoboa kwa kubahatisha hataki. Nozeli alizonazo haziingii kwenye uzi wa skrubu wa jiko langu.

"Gesi haitaki halaka," alisema. Alikuwa akibadili r kuwa l kama wazee wengi wa kwao. "Aliyewabadilishia huko, zile za zamani alizipeleka wapi?"

Nikasema sijui. Nikasema mke wangu ndiye alikuwepo siku hiyo, na mke wangu amefariki. Akanipa pole, akaniambia nijaribu kukumbuka, kwa sababu wanawake hawatupi vitu.

Nilirudi nyumbani na jiko kwenye kiroba, nikajaribu kukumbuka. Nilichokuwa nacho ni kidogo mno. Siku gesi ya bomba ilipoingia kwetu, nilirudi jioni nikamkuta amevaa gauni la kutokea. Alikuwa amechemsha maji ya kuoga, ya chai na ya kuoshea vyombo, yote kwa siku moja, kwa furaha ya kuona hayaishi. Aliniketisha akanieleza kila hatua: mafundi walikuja wangapi, walitoboa ukuta wapi, walifungua jiko namna gani. Mimi nilikuwa natazama mpira. Niliitikia eeh, eeh. Alisema jambo kuhusu vitu vidogo ambavyo fundi alitaka kuondoka navyo na yeye akamkatalia. Zaidi ya hapo sina. Nilikaa kwenye kiti cha Buswelu nikitafuta sentensi iliyofuata na hakukuwa na sentensi, kulikuwa na mpira tu, na hata matokeo ya ule mpira siyakumbuki.

Binti yangu alikuwa anaosha vyombo. Nilimwambia alichosema fundi, bila kutegemea kitu.

"Ziko kwenye kopo la vifungo," alisema. "Mama aliziweka humo. Alimwambia yule fundi hizo ni mali yake, labda siku moja tutahama."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia muda wote huo.

"Hukuuliza, Baba."

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kusugua sufuria. Kopo la vifungo lilikuwa miongoni mwa vile nilivyosema chukueni. Lilikuwa Kisesa.

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata. Nyumba ya mama mkwe iko ndani kidogo kutoka barabara kuu ya kwenda Musoma, nyumba ya matofali ya kuchoma na mawe makubwa nyuma yake. Kaburi liko upande wa kulia, limejengewa saruji. Nilipita pale kwanza. Nilisimama, nikang'oa majani mawili matatu yaliyoota pembeni, nikangoja kitu kije. Hakikuja. Nikaenda kubisha hodi.

Kwa mila za familia ile, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai karibu, hawatazamani usoni, na hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kwa hiyo alitoka na kigoda chake akaketi upande mmoja wa ua, ubavu umenielekea, nami nikapewa kiti upande wa pili. Nilimwamkia, akaitikia. Alimkumbatia mjukuu wake kwa muda mrefu. Kisha tukaulizana habari za mvua, za kazi, za shule. Nilitaja lile tukio la mkaa kwa maneno machache. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili lakini hakupiga kelele. Nikamweleza shida ya jiko, na kwamba tunatafuta vipande viwili vya shaba.

Akaingia ndani. Alikaa huko. Aliporudi alikuwa na kopo la maziwa ya unga, lile la bati, kubwa, na ungo. Alimpa mjukuu. Binti yangu alifungua kopo akamwaga vilivyomo kwenye ungo: vifungo vya kila rangi, vya mashati, vya makoti, vishikizo, zipu fupi, sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha kitenge, chaki ya fundi iliyovunjika. Harufu ya mafuta ya cherehani ilinifikia nilipokaa. Niliitambua. Nilijiambia, hiyo ni harufu ya mafuta ya cherehani.

"Sijawahi kulifungua," mama mkwe alisema, akiutazama ungo. "Nilikuwa nikilitikisa tu."

Walianza kutafuta, bibi na mjukuu, wanasogeza vifungo kwa vidole kama wanaochagua mchele. Mimi nilikaa mbali. Baada ya muda mama mkwe akaongea tena, bila kugeuka.

"Mkwe wangu, kuna neno nataka nikuulize. Siku ile ya kugawa, ulisema tuchukue vyote. Nilikuuliza mara mbili. Nilikuwa nangoja useme hapana, hiki hapana, hiki ni changu nitabaki nacho. Hukusema. Nikawaza, huyu mwanangu ameishi na mtu asiyetaka hata kifungo chake. Nikachukua vyote kwa hasira. Mpaka leo nina hasira."

Wao waliendelea kuchambua.

Nikamwambia kwamba sikuwa nimekataa vitu vyake. Nikamwambia siku ile nilikuwa nasikia sauti za watu lakini maneno hayafiki, na kwamba hata leo sijui kama yanafika. Nikasema nilidhani yeye ndiye ananilaumu kwa sababu ya simu.

"Simu gani?" aliuliza.

Hakuwa anajua chochote kuhusu simu. Nilimweleza. Kabati la nguo, kanuni ya ghala, majirani, hospitali. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema yote kwa mpangilio, na niliyasema kwa sauti ileile ninayotumia kazini kueleza mzigo uko rafu gani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mshipa ukipasuka haungoji simu, hata mume angekuwa amekaa naye kitanda kimoja. Baba yake mwenyewe alikwenda hivyo, akiwa anakamua ng'ombe, watu watatu wakimtazama.

"Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya vifungo tu," alisema.

Binti yangu akainua mkono. Kati ya kidole gumba na cha shahada alikuwa ameshika nozeli moja. Ilikuwa imekwaruzwa kidogo, na tundu lake lilikuwa jembamba kama la sindano ya kushonea shanga. Tuliendelea kutafuta ya pili. Mama mkwe alipepeta ungo, akapekua kila kifungo, akageuza kopo akaligonga chini. Akamtuma mjukuu ndani aangalie sanduku la cherehani na mifuko ya magauni. Haikupatikana. Labda ilipotea Dar es Salaam, labda njiani. Tulikuja kutafuta mbili na tukaondoka na moja.

Kabla hatujaondoka, mama mkwe alirudisha vifungo kwenye kopo, akafunika, akaliweka juu ya kiti kilichokuwa kati yetu. Akaingia ndani. Nilielewa. Nililichukua.

Fundi alifurahi kuiona ile nozeli kuliko mimi. Aliifunga kwenye pleti ndogo, na ile pleti kubwa akaiziba kabisa ili mtu asije akaifungua kwa makosa. Lakini hakunikabidhi jiko. Alisema anataka kuona mtungi utakaa wapi. Nikamwambia si lazima asumbuke. Akasema kwa watu waliotoka kwenye gesi ya bomba ni lazima, maana wana mazoea mabaya.

Alikuja Buswelu Jumapili mchana. Alitazama alama nyeusi ukutani. Akauliza Dar es Salaam walituambia nini kuhusu kuvuja. Binti yangu alijibu kwamba mafundi waliacha tundu la hewa juu, karibu na dari. Mzee akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba gesi ya bomba ikivuja inapanda juu na kutafuta pa kutokea, lakini ya mtungi inashuka. Inatambaa sakafuni kama maji, inaingia chini ya milango, inajaa kwenye mashimo, inangoja. Tundu la juu halisaidii. Mtungi ukae nje, mpira upitishwe ukutani, na chini ya mlango wa uani paachwe wazi.

Alikuwa anafuata sakafu kwa macho, njia ambayo gesi ingeifuata. Macho yake yalitoka jikoni, yakapita kizingitini, yakaingia chumba cha pili ambacho mlango wake ulikuwa wazi. Akaona godoro.

"Nani analala pale chini?" aliuliza.

Nikasema ni binti yangu.

Aliziona mbao za kitanda nyuma ya mlango, zimefungwa kamba ileile ya lori. Alizitazama, akanitazama, akaanza kufungua kiroba chake cha vifaa. Nikamwambia aache, hiyo ni kazi yangu. Nilizifungua kamba kwa kisu cha jikoni. Boliti zilikuwa kwenye soksi iliyofungwa kwenye ubao wa kichwani, mke wangu ndiye aliyenifundisha kufunga hivyo tulipohama nyumba ya kwanza, na kumbe nilifanya vilevile bila kufikiri wakati nafungasha peke yangu. Nilifunga kitanda kwa nusu saa. Mzee alipitisha mpira wa gesi ukutani na kuziba pembeni kwa saruji. Binti yangu alitandika shuka, akapanda, akakaa katikati ya kitanda na miguu yake ikining'inia, na akabaki pale mpaka tulipomaliza.

Kisha tukawasha. Mzee alipaka povu la sabuni kwenye maungio yote, akangoja kuona kama kuna mapovu yanayovimba. Hayakuvimba. Akanipa kiberiti mimi. Moto ulitoka mfupi, wa bluu, na sauti ndogo ya kupuliza. Tulisimama watatu tukiutazama. Nadhani wenzangu walitegemea niseme neno. Niliweka maji ya chai.

Pleti kubwa haijawahi kufanya kazi tena. Mzee alitafuta nozeli yake kwenye vyuma chakavu kwa mwaka mzima na kila nikipita ananiambia bado. Tumezoea kupika kitu kimoja kimoja: wali ukiiva unafunikwa na blanketi kuukuu, ndipo mboga inapanda. Nilijifunza kupika kwa sababu ya hilo. Mmoja akipika, mwingine hana la kufanya ila kungoja, na mtu anayengoja jikoni mwishowe anapewa mwiko. Binti yangu alinifundisha ugali, kisha maharage, kisha sato wa kukaanga, ambaye bado namgeuza mapema akavunjika.

Mama mkwe alikuja kutusalimia mwishoni mwa mwaka, akakaa siku tisa. Alikuwa anaiogopa gesi na hakutaka kuigusa. Binti yangu alikuwa kambi ya masomo shuleni mchana kutwa, kwa hiyo ilibidi mimi nimpikie mama mkwe, jambo ambalo sikuwahi kulisikia Kisesa wala Ukerewe. Nilipika, nikaweka sahani kwenye meza ya sebuleni, nikatoka kwenda kula yangu uani. Siku ya kwanza alikula kidogo. Siku ya pili alimaliza, na kupitia dirishani akasema, bila kumtaja mtu, kwamba samaki wa humu ndani wanahitaji ndimu.

Watu huniuliza kama nimepoa sasa. Sijui. Kuna siku napika na kusikia redio na kugundua nimeusikiliza wimbo mpaka mwisho. Kuna wiki nzima napita kama nilivyopita mwaka ule. Sijalia, na nimeacha kungoja kulia.

Jumapili ya mwisho ya kila mwezi napitia mwaloni, soko la samaki la kando ya ziwa, asubuhi, kabla jua halijapiga mawe ya ufukweni na samaki hawajalegea, nanunua sato wawili wa kilo, nakwenda Kisesa. Nang'oa majani kaburini. Kisha nabisha hodi. Nikiwa na binti yangu, samaki anawapokea yeye kwangu na kumpa bibi yake. Nikiwa peke yangu, mama mkwe anaweka beseni juu ya kiti, anarudi nyuma hatua mbili, nami nawaweka samaki ndani ya beseni na kurudi nyuma hatua zangu mbili, naye anakuja kulichukua.